TempleOS: Hekalu la Biti 64 na Ubishi Uliozuka Mbele Yake

Kati ya mifumo endeshi yote (programu kuu zinazoendesha kompyuta) niliyowahi kuijaribu, TempleOS ndio pekee ambao watu huanza kuubishania kabla hawajauwasha. Aliyeutunga ni Mmarekani Terry A. Davis, mhandisi wa umeme aliyesoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi aliandika karibu kila kitu kwa mkono wake, akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemwagiza kujenga Hekalu la Tatu, baada ya yale mawili ya Yerusalemu yaliyobomolewa, safari hii ndani ya kompyuta. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2005 kwa jina jingine, na jina la sasa likaja mwaka 2013. Davis aliugua skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwa miaka mingi, na mengi aliyoyaandika hadharani yalijaa matusi ya kibaguzi ambayo mhakiki hawezi kuyafumbia macho. Alifariki Agosti 2018 akiwa na umri wa miaka 48. Mfumo wenyewe ni mali ya umma, haulipiwi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuunakili na kuubadilisha.

Niliuweka ndani ya programu inayoigiza kompyuta nyingine, nikaupa megabaiti 512 za kumbukumbu, na ukawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Sipendekezi kuuweka moja kwa moja kwenye kompyuta ya kazi, kwa sababu hautambui vifaa vya USB, na hauna intaneti ya aina yoyote, jambo ambalo Davis alilikusudia. Skrini ina pikseli 640 kwa 480 na rangi 16 tu, kipimo ambacho mtunzi alikifananisha na agano la tohara. Mtu aliyezoea simu za leo atahisi amerudishwa kwenye kompyuta za miaka ya themanini, isipokuwa kwamba huu ni mfumo wa biti 64 unaotumia viini vyote vya kichakataji.

Ubora wake halisi umo katika lugha yake ya kuandikia programu, HolyC, inayofanana na lugha maarufu ya C lakini isiyotenganisha mahali pa kutoa amri na mahali pa kuandika programu. Ukiandika maneno ndani ya alama za mtajo na kufunga kwa nukta-mkato, yanachapwa papo hapo, kwa kuwa kila mstari hutafsiriwa kuwa lugha ya mashine mara tu unapobonyeza kitufe cha kuingiza. Katikati ya msimbo, yaani maandishi ya programu, unaweza kupachika picha, na msimbo ukaitumia kama kitu chake cha kawaida; sijaona jambo hilo likifanywa kwa wepesi kama huo kwingineko. Programu zote zinaruhusiwa kugusa kila pembe ya kumbukumbu bila mlinzi wala mlango, na kwa uzembe wangu mwenyewe niliandika tarakimu mahali nisipopaswa kuandika, kompyuta nzima ikaganda. Kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa mfumo endeshi unavyofanya kazi, kuganda huko ni somo, kwa kuwa msimbo wote unakadiriwa kuwa mistari laki moja hivi, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye subira anaweza kukipitia.

Basi nikafika kwenye kile kilichonifanya niwaite wenzangu watatu tunaokutana kila Jumamosi kuchezea kompyuta. Kuna kitufe ambacho ukikibonyeza, mfumo hukutolea neno, na Davis aliamini kwamba neno hilo linatoka kwa Mungu. Msimbo uko wazi, kwa hiyo tuliusoma pamoja: kompyuta inatazama saa yake ya ndani, inayokwenda kasi mno kuliko kidole cha binadamu, inachukua tarakimu iliyokutwa wakati huo, kisha inachagua neno kutoka katika orodha ya maelfu ya maneno ya Kiingereza. Tulibonyeza mara nyingi, na tulichopata ni maneno yasiyoshikana, ambayo kila mmoja wetu alianza kuyaunganisha kichwani bila kuombwa.

Asiye na dini kati yetu alisema mjadala umekwisha, kwa kuwa saa ni saa. Nilitarajia wawili waliobaki waungane dhidi yake, lakini haikuwa hivyo. Mkristo alikumbusha kwamba katika Biblia Mathiya alipatikana kuwa mtume kwa kupigiwa kura ya kubahatisha, na kwamba anayeamini kura haimzuii Mungu hana sababu ya kuamini saa inamzuia. Mwislamu alikataa katakata, akataja aya ya 90 ya Surat al-Maida inayokataza kutazamia kwa mishale, na akasema hii ni ramli tu iliyovishwa nguo za hisabati. Wenye imani walibishana hadi chai ikapoa, na asiyeamini akabaki msikilizaji.

Kwa maoni yangu, TempleOS unastahili sifa kwa kuuwezesha ubishi wa namna hiyo. Mpiga ramli huchora nukta zake na ni yeye peke yake ajuaye kuzisoma. Hapa kila mtu anaona neno limetoka wapi, hivyo hakuna anayeweza kujificha nyuma ya siri ya chombo. Sayansi ilitumalizia swali la “vipi” kwa dakika kumi, likabaki swali la kama kuna anayesema kupitia saa hiyo, ambalo msimbo hauligusi kabisa. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wetu siku hizi tunaziuliza programu za akili mnemba mambo mazito ya maisha, na majibu yake tunayapokea bila uwezo wa kuyafuatilia hadi yalikotoka.

Atakayetaka kuujaribu aanze na programu za mifano zilizomo ndani yake kabla ya kitufe cha maneno, na asitarajie kuandikia barua ya kazi. Mimi nimeuacha kwenye kompyuta yangu kwa ajili ya HolyC. Mwenzetu Mwislamu ameniomba nakala pia, kwa sharti kwamba kwanza nikiondoe kitufe kile, na kwa kuwa msimbo ni wa umma, nimekwisha kukiondoa.