Uzoefu wangu wa kusaka asili ya maneno mtandaoni, nikiwa Tanga

Ukiwa na simu, bando la kawaida na hamu ya kujua maneno yetu yametoka wapi, zipo kurasa chache za bure zinazostahili muda wako. Mimi nakaa Ngamiani, nimezitumia kwa muda mrefu, na huu ndio uzoefu wangu.

Ninayoifungua mara nyingi ni Wiktionary, kamusi ya bure ya mtandaoni, ile ya Kiingereza. Ya Kiswahili ipo, inaitwa Wikamusi, ila kwa historia ya maneno utavuna zaidi kwenye ya Kiingereza, hata kama neno lenyewe ni la Kiswahili. Unaandika neno, unashuka mpaka sehemu ya Kiswahili, unakuta asili yake. Bandari itakupeleka kwenye Kiajemi, bandar. Ukibonyeza hapo unaona lugha nyingine zilizolichukua neno hilohilo. Nanga nayo ni ya Waajemi, langar. Meza na bendera tumezitoa kwa Wareno, na gereza pia, kutoka igreja, yaani kanisa! Msumari ndio ulionifurahisha kuliko yote. Kwa Waarabu ni mismar, kitu kimoja tu, lakini ile mi- ya mwanzo wazee wetu wakaiingiza kwenye ngeli yao: misumari mingi, msumari mmoja. Anayesema Kiswahili kinaokota tu maneno ya watu hajaona kinavyoyafanyia kazi.

Neno shule lina uzito wake kwa mtu wa Tanga. Ni Kijerumani, na Wajerumani walifungua shule ya serikali hapahapa mjini miaka ya 1890. Zanzibar, walikotawala Waingereza, wanasema skuli.

Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno, inashughulikia Kiingereza peke yake, kwa hiyo Mswahili anaweza kuipita. Asiipite. Nilitafuta humo jina ambalo Waingereza huuita mkonge, sisal, nikakuta ni jina la bandari ya Sisal huko Yucatán, Mexico. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, ikasalia miche 62 iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katani, jina la nyuzi zake, ni Kiarabu, kattan, ambalo kwao ni kitani. Lakini mkonge ni jina la huku kwetu. Lilikuwa la mimea ya porini yenye nyuzi kabla mgeni huyu hajafika, naye akalirithi. Hayo yote ya mmea mmoja uliolisha mkoa mzima.

Hapa sasa ndipo penye jambo linaloniuma. Neno lililotoka Arabuni au Ureno unaelezwa mpaka babu yake. Neno letu la Kibantu mara nyingi halina maelezo yoyote, au lina mstari mmoja mfupi. Kijana akipitia kurasa hizi bila mwongozo atainuka akiamini Kiswahili chote kimekopwa. Si kweli, na dawa ipo: hazina ya mizizi ya Kibantu iliyowekwa mtandaoni na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Sura yake haivutii, alama za lugha zinatisha mwanzoni, na utahitaji Kiingereza au Kifaransa. Vumilia. Humo utakuta mtu, nyama, ng'ombe na tatu vikiwa na mizizi inayotambaa kutoka Kameruni mpaka kusini mwa Afrika. Lugha zimegawanywa kwa kanda za herufi, na Kiswahili, Kisambaa na Kibondei vimo kanda moja, G.

Kwa mtu wa Tanga, ujirani huo una faida kubwa. Wengi tunajua kwamba sita, saba na tisa ni Kiarabu. Je, kabla yake tulihesabuje? Tandatu, fungate, kenda. Wasambaa wa Lushoto bado wanahesabu mtandatu, mfungate, kenda. Na sisi wenyewe fungate hatukuitupa: ni zile siku saba za maharusi baada ya ndoa. Saba ya Kibantu imekaa ndani ya harusi zetu.

Ukitaka kuona maneno ya zamani yalivyoandikwa, ingia Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, utafute kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882. Imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Faili ni zito, kwa hiyo usilipakue kwa bando dogo. Isome palepale mtandaoni. Tahajia yake si ya leo, na Kiswahili chake kimeegemea Kimvita cha Mombasa. Kimtang'ata chetu, lahaja ya Kiswahili ya pwani ya Tanga, bado ni haba mno kote nilikopita.

Jihadhari pia na kurasa zinazotoa asili ya neno kwa hadithi tamu bila kutaja lugha, umbo la neno wala kitabu. Wiktionary angalau ina kitufe cha historia, unaona nani kabadilisha nini na lini, na mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza. Walimu wa Kiswahili wa Tanga, Pangani na Muheza wangeingia humo na maneno ya Kimtang'ata na Kibondei, tena wakiwa na wazee wao pembeni, pengo hilo lingeanza kuzibika mwaka huu huu.