DHIS2 zahanatini: kijani peke yake hakitoshi

Wahudumu wengi wa afya Tanzania hawana ugomvi na DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya. Kinachowachosha ni kuandika kitu kilekile mara nne. Mgonjwa wa nje anaingizwa kitabu namba 5 cha MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), anapigiwa kijiti kwenye fomu ya tali, mwisho wa mwezi anahesabiwa tena kwenye fomu ya muhtasari, ndipo namba iingie kwenye mfumo. Nesi aliye peke yake zamu nzima atashangiliaje hiyo ya nne?

Mfumo wenyewe, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutolewa bure, si mgumu. Chagua kituo, chagua fomu, chagua mwezi, jaza. Kwenye fomu za muundo wa zamani kisanduku kikigeuka kijani, namba imehifadhiwa. Wengi hufunga kompyuta hapo, na lawama huanzia hapo: usipobonyeza kitufe cha kukamilisha, namba zipo ila kituo kinasomeka hakijaleta ripoti. Mganga mfawidhi anapigiwa simu kudaiwa ripoti iliyokwisha jazwa. Huo si uzembe wa mtu, ni kasoro ya muundo.

Sifuri nayo ina mtego wake. Mfumo hautunzi sifuri mpaka kipengele husika kiwekewe mpangilio wa kuitunza, kwa hiyo "hakuna mama aliyefariki kwa uzazi" na "hatukujaza" vinaweza kuonekana sawa.

Mtandao ukikatika katikati ya kazi, usisafishe kivinjari. Namba zimebaki kwenye kompyuta hiyohiyo zikisubiri kupakiwa. Ukihamia nyingine hutazikuta.

Kabla ya kukamilisha, endesha ukaguzi wa mfumo. Kanuni zake zikiwa zimewekwa vizuri, utanasa mambo kama waliokutwa na malaria kuzidi waliopimwa. Kosa likionekana, rudi kitabuni kwanza. Anayerekebisha skrini tu huumbuka siku wakaguzi wanapolinganisha na kitabu.

Uzuri wa mfumo uko kwenye michoro: mahudhurio ya kliniki ya wajawazito ya mwaka mzima yanachorwa kwa dakika chache, na mwezi ulioshuka unajionyesha wenyewe. Kwa kituo chenye umeme wa uhakika na kompyuta yake, unafaa sana. Kwa zahanati inayopeleka karatasi wilayani kabla ya tarehe 7 na isirudishiwe hata mchoro mmoja wa kubandika ukutani, huu ni ule ule wa karatasi, umeongezewa simu za kuulizwa.