Chombo cha kutafuta majina cha OFAC: kimepimwa kwa mizigo ya Kigoma

Mabehewa yamefika Kigoma, meli ya Kalemie ina nafasi, na benki inagoma kupokea dola za mnunuzi mpaka ioneshwe kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya vikwazo. Hapo ndipo mawakala wengi wa forodha hulisikia kwa mara ya kwanza jina la Sanctions List Search, chombo cha mtandaoni cha OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayosimamia vikwazo vya uchumi. Tathmini hii inakipima kwa kazi ya huku: mizigo ya Bujumbura, Uvira, Baraka, Kalemie na Mpulungu, majina ya Kirundi na Kibembe yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kifaransa, na ankara ambazo nyingine zimejazwa kwa mkono.

Bei yake ni sifuri na hakuna kujisajili. Kinatumia bando dogo. Ukurasa wenyewe umepangwa kwa ajili ya kompyuta, hivyo anayetumia simu atalazimika kukuza na kusukuma jedwali la matokeo pembeni.

Sheria ya Marekani haimfungi moja kwa moja mwenye ghala wa Ujiji. Inayofungwa ni dola. Malipo ya dola kutoka Lubumbashi kwenda Dar es Salaam karibu kila mara hupitia benki ya Marekani, na benki hiyo ikikuta jina la aliyewekewa vikwazo haizirudishi fedha, inazishikilia kwenye akaunti maalumu na kutoa taarifa OFAC ndani ya siku 10 za kazi. Kuzikomboa kunahitaji leseni ya OFAC. Kuomba leseni ni bure, lakini hakuna wa kukuhakikishia lini itatoka, na saruji ikiwa bandarini haijui kusubiri. Kuna malipo mengine yanayokataliwa tu na kurudi yalikotoka. Hayo ni usumbufu, si msiba. Anayelipwa kwa shilingi au faranga anaikwepa njia hiyo, ila haikwepi orodha ya Umoja wa Mataifa, ambayo Tanzania inabanwa nayo moja kwa moja kama nchi mwanachama.

Matumizi ni mepesi. Andika jina kwenye sanduku la Name, chagua aina (mtu, kampuni, meli au ndege), acha nchi na mji vikiwa wazi, bonyeza kutafuta. Kosa la kwanza la wengi ni kujaza kila sanduku wakidhani wanasaidia. Ukisiaji wa tahajia unafanya kazi kwenye jina peke yake. Namba ya pasipoti, anwani na mji vinalinganishwa herufi kwa herufi. Ukiandika Kalemie na rekodi haina Kalemie, umejifungia mlango mwenyewe.

Kosa la pili ni kipimo cha kusogeza cha Minimum Name Score, yaani alama ya chini ya ufanano wa jina, 100 ikiwa sawa kabisa. Ukurasa unafunguka kikiwa kwenye 100, na hapo herufi moja iliyokosewa inatosha kukupa jibu tupu. Jibu tupu linapendeza sana, na ndiyo maana watu hulichapisha na kulipeleka benki bila kugusa kipimo. OFAC yenyewe haipendekezi alama yoyote. Kwa majina ya ukanda huu tunaona 85 ni mwanzo mzuri, na 80 kama ankara imeandikwa kwa mkono. Chini ya hapo linamwagika rundo la majina yasiyohusiana, na kazi ya dakika tano inakula asubuhi nzima.

Hata kwenye 80 kuna tundu, na linawahusu watu wa Kigoma kuliko wa London. Chombo kinatumia mbinu mbili za kulinganisha majina, Jaro-Winkler na Soundex. Ya kwanza inatoa nyongeza kwa majina yanayoanza sawa, hadi herufi 4 za mwanzo. Ya pili inashikilia herufi ya kwanza ya jina na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu, L ikipata 4 na R ikipata 6. Sasa chukua jina Rukunda. Karani akikosea katikati akaandika Rukumda, hesabu ya Jaro-Winkler peke yake inatoa kama 94. Akiandika Lukunda, kosa ni la herufi moja vilevile, lakini alama zinashuka hadi karibu 90 kwa kuwa nyongeza ya mwanzo imepotea, na kwa Soundex hayo ni majina mawili tofauti kabisa. Yeyote aliyewahi kuketi na karani Mwanga au Kibirizi anajua L na R zinavyobadilishana viti. Ukiwa na majina mawili au matatu kwenye hati moja, alama zinazidi kumomonyoka. Dawa yake ni kutafuta mara mbili, kwa R na kwa L, na kufanya hivyohivyo kwa majina yanayoanza na Nt au Nd, ambayo wengi huangusha N. Tafuta pia kila jina peke yake kabla ya kuyaunganisha, maana Wakongo wana jina, jina la ukoo na jina la ubatizo, na kila hati huyapanga ilivyotaka.

Jina likijitokeza, usikimbilie kumfukuza mteja. Fungua rekodi, linganisha tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa, uraia na namba ya pasipoti. Alama 100 kwa jina la kawaida haithibitishi kwamba huyo ndiye. Viwili vikipishana waziwazi, kwa mfano mwaka wa kuzaliwa na uraia, andika sababu kwenye faili na uendelee. Vyote vikilingana, simamisha mzigo kabla haujapakiwa na uiarifu benki. Kurudisha shehena kutoka Kalemie ni gharama ya aina nyingine.

Kasoro kubwa ya chombo hiki si tahajia. Ni kwamba kinaona majina, hakioni wenye mali. Tangu mwongozo wa Agosti 2014, OFAC inahesabu kampuni kuwa imezuiliwa ikiwa watu waliomo kwenye orodha wanamiliki jumla ya asilimia 50 au zaidi, hata kama kampuni yenyewe haijaandikwa popote. Mmoja ana asilimia 30, mwingine 25, tayari ni 55, na ukitafuta jina la kampuni utapata jibu tupu. Uingereza yenyewe inasema zaidi ya asilimia 50, na pamoja na Umoja wa Ulaya inaongeza swali la nani anaiendesha. Kwa hiyo kwa mnunuzi wa Kongo usiishie kwenye namba ya RCCM, rejista ya biashara ya huko, iliyo kwenye mhuri. Omba katiba ya kampuni yenye majina ya wanahisa na hisa zao, kisha tafuta kila mwanahisa. Chombo hakitakukumbusha.

Wala jina la kampuni halina harufu ya ilikotoka. Tarehe 20 Februari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri katika serikali ya Rwanda, pamoja na msemaji wa M23, kundi la waasi la mashariki mwa Kongo, Lawrence Kanyuka, na kampuni zake mbili zilizosajiliwa Uingereza na Ufaransa: Kingston Fresh na Kingston Holding. Nani angelisoma jina Kingston Fresh kwenye ankara akaifikiria Kivu? Agosti 2025 zikafuata kampuni mbili za Hong Kong, East Rise na Star Dragon, kwa ununuzi wa madini ya Rubaya, huko Kivu Kaskazini. Anayesafirisha madini kupitia reli ya kati atafute mnunuzi wa mwisho kwa bidii ileile anayomtafutia muuzaji.

Nchi nayo haionekani. Kwa Iran, Kuba na Korea Kaskazini vikwazo vya Marekani vinagusa karibu biashara yote, si majina machache. Mapipa ya lami yenye cheti cha asili cha Imarati huku hati ya meli ikitaja kupakiwa Bandar Abbas yatapita utafutaji wa majina bila kelele. Hilo unalikamata kwa kusoma makaratasi, si kwa kubonyeza.

Upande wa meli chombo kinafaa kwa nusu ya safari tu. Meli ya bahari iliyoleta kontena Dar es Salaam ina namba ya IMO, utambulisho wa kimataifa wa meli, wa tarakimu 7, na namba hiyo haibadiliki hata meli ibadilishwe jina au bendera. Tafuta namba, jina achana nalo. Watanzania hawahitaji kufundishwa hili: mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zikipeperusha bendera yetu kwa usajili uliopitia Zanzibar, zikafutwa. Namba yenyewe ina kipimo chake cha ndani. Zidisha tarakimu 6 za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima iwe sawa na ya 7. Hesabu hii hukamata makosa ya kunakili, haikamati uongo. 1234567 inapita vizuri kabisa, jumla yake ni 77. Kwa boti za mbao za Kibirizi hakuna namba ya IMO ya kutafuta, kwa hiyo tafuta mwenye boti na nahodha.

Ukitumia OFAC peke yake umeangalia dirisha moja la nyumba. Orodha ya Umoja wa Mataifa ndiyo ya kwanza kwa mizigo ya Fizi na Baraka: Februari 2024 Baraza la Usalama lilimwongeza William Amuri Yakutumba, ambaye wapiganaji wake wako huko Fizi, ng'ambo tu ya ziwa. Umoja wa Ulaya uliiorodhesha Gasabo Gold Refinery ya Kigali Machi 2025, kwa uamuzi wake wenyewe. Uingereza ina yake. Tovuti ya OpenSanctions imekusanya zote sehemu moja na kutafuta kwa macho ni bure, ila matumizi ya data kibiashara yanalipiwa. Mpango wetu wa kazi ni OpenSanctions kwa kupepeta, kisha orodha yenyewe kwa kuthibitisha.

Kwa jumla tunakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota moja imekatwa kwa umiliki, nusu kwa ile 100 ya kuanzia, ambayo inamdanganya mgeni bila yeye kujua.

Tafuta mara tatu: siku ya mkataba, siku ya malipo na siku ya kupakia. Orodha hubadilika siku yoyote, na mzigo wa reli kutoka Dar es Salaam unaweza kukaa njiani muda wa kutosha jina safi kuchafuka. Kila mara hifadhi skrinshoti inayoonesha jina lililoandikwa, alama iliyowekwa na tarehe. Marekani imeongeza muda wa kutunza kumbukumbu kutoka miaka 5 hadi 10 kuanzia Machi 2025. Hilo linazibana benki zao, na benki hizo huuliza maswali ya zamani.

Jambo la mwisho linaihusu Burundi, na Kigoma ina kumbukumbu nayo. Baada ya Pierre Buyoya kuchukua madaraka Julai 1996, viongozi wa ukanda waliokutana Arusha tarehe 31 Julai, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, waliifungia Burundi biashara. Kizuizi kile hakikuuliza jina la mtu. Kiliuliza mzigo unakwenda nchi gani, na gati la Kigoma likajibu. Aprili 1997 vyakula, vifaa vya shule na pembejeo vililegezewa, na tarehe 23 Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa. Vya Marekani vya Novemba 2015 vilikuwa vya majina, likiwemo la Alain-Guillaume Bunyoni, wakati huo waziri wa usalama wa umma wa Burundi, na vilifutwa Novemba 2021. Lakini kwenye kompyuta za ofisi nyingi bado kuna orodha iliyopakuliwa miaka ile, na karani anaifungua kwa kuwa haili bando. Orodha hiyo itamsimamisha Mrundi ambaye hana kizuizi tena na kumpitisha aliyeongezwa mwaka jana. Ifutwe, na ya kupakua itolewe upya Sanctions List Service, ukurasa ambao OFAC inautumia kwa kazi hiyo tangu 2024.