Kijitabu cha Msamiati Kilichomwaibisha Binti Yangu

Sina tabia ya kulalamika hadharani, lakini hili limenikaa kooni na sitalimeza.

Mwaka jana mwishoni, watoto walipomaliza mtihani wa darasa la saba, nilimpeleka binti yangu tuisheni hapa Dodoma mjini, si mbali na soko la Majengo, ajiandae na kidato cha kwanza. Wazazi wenzangu mnaijua hali. Miaka saba mtoto anasoma kwa Kiswahili, halafu Januari anakuta kila kitu ni Kiingereza, hadi jiografia na baiolojia. Ada nikalipa. Kisha wakasema kuna kijitabu cha lazima, shilingi 5,000, kimepanga maneno ya Kiingereza kwa herufi zinazofanana, kila neno na maana yake. Nikatoa. Elfu tano ya mama anayepima mafuta ya alizeti sokoni si ndogo, ila kwa shule sibani mkono.

Na mwanzoni nilikipenda, lazima niseme. Kuna ukurasa wa maneno yanayoanza na kn: knife, knee, kneel, know. Wameeleza vizuri kwamba hiyo k inaandikwa tu, haitamkwi. Binti aliyashika kwa jioni mbili. Alikuwa anakatiza jikoni akiyataja: kisu, goti, kupiga magoti, kujua. Nikawasifia hao watu kwa majirani. Nilimtuma hata shoga yangu wa Nkuhungu akamnunulie mwanawe.

Shule ikafunguliwa. Haukupita muda, mwalimu wa jiografia akaandika ubaoni drought, akauliza nani anajua maana yake. Binti yangu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akasimama, akajibu: mchezo wa drafti. Darasa zima likaangua kicheko.

Alirudi nyumbani hakuvua hata viatu. Nilimkuta uani juu ya kigoda, kijitabu kimefunguliwa mapajani, kidole kimeganda kwenye mstari mmoja. Nikainama nikasoma mwenyewe. Drought: mchezo wa drafti. Imechapwa hivyo, wino umekolea, huwezi kusingizia fotokopi.

Ukame, jamani! Mtoto wa Dodoma anafundishwa kwamba ukame ni drafti! Sisi ambao mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na ikikatika Februari tunabaki kuangalia mahindi yakisokota majani. Sisi ambao wazee wetu waling'ang'ania uwele na mtama kwa sababu hiyo hiyo. Katika maneno yote ya Kiingereza wakaenda kukosea hilo. Drafti yenyewe kwa Kiingereza ni draughts, ina a pale walipoweka o, na s mwishoni. Herufi mbili tu, na mwanangu akachekwa na watoto wa watu.

Nikaanza kuukagua ukurasa mzima, ule wa maneno yenye ough. Wameyarundika pamoja na chini wameandika kwamba yote hutamkwa "of". Si kweli hata kidogo. Cough, kikohozi, ni "kof", hilo sawa. Lakini tough, yaani ngumu, ni "taf". Though, ingawa, ni "dho". Through, kupitia, ni "thruu". Na plough ni plau, ile ile plau yetu ya kukokotwa na ng'ombe! Wakulima wetu walilisikia neno wakaliandika sawasawa, bila f. Na drafti wakaiandika kwa f, kwa sababu ndivyo inavyotamkwa. Bibi asiyewahi kukaa darasani anajua tofauti ambayo kijitabu cha elfu tano hakiijui.

Jirani yetu mwalimu mstaafu ndiye aliyemtuliza binti. Alimwambia zamani Waingereza walikuwa wanaitamka hiyo gh kooni, kama kh ya kheri. Baadaye sauti ikafa, kwenye maneno mengine ikageuka f, lakini maandishi yakabaki vile vile. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya ough, kila neno unalijifunza na sauti yake. Dakika kumi, bure, kwenye benchi la nje.

Kilichonichoma zaidi ni nilipokirudisha. Sikwenda kugomba. Nilimfungulia kijana wa mapokezi ukurasa, nikamwomba wasahihishe kabla hawajauzia watoto wengine. Hakuutazama. Akaniuliza, "Dada, kwani wewe umeishia darasa la ngapi?" Binti yangu amesimama pembeni na sare yake mpya. Nikamjibu, kidato cha nne. Akasema, "Basi waachie waliosoma." Akarudi kwenye simu yake.

Sasa niseme nini kuhusu kijitabu? Nikitulia, naona mpangilio wake unasaidia. Mtoto anakamata maneno haraka yakikaa kwa makundi, na ule ukurasa wa kn hadi leo hajausahau. Ukiwa na mtu wa kukukagulia nyumbani, pengine kinafaa.

Hapana, hilo nalifuta. Mzazi mwenye mtu wa kukagua anahitaji kijitabu cha nini? Sisi tunaonunua ndio tusio na mtu huyo, tunaamini kilichochapwa kwa sababu kimechapwa, na mtoto anakwenda nacho darasani kifua mbele. Na ukirudi kuuliza, unaulizwa umeishia la ngapi.

Kwa hiyo ukienda pale, usitoe hela kwanza. Omba ukione, nenda ukurasa wa ough, tafuta drought. Ukikuta wameandika ukame, mnunulie mtoto, sina kinyongo. Ukikuta bado ni drafti, mrudishie mkononi.