TAHADHARI: Land Rover za jeshi "zilizo tayari kwa kambi". Usitoe kianzio kabla hujakagua haya

Ndugu wadau wa safari za porini, kuna tangazo la aina moja linalozunguka kwenye makundi ya magari, picha zikibadilika na maneno yakibaki yale yale. Land Rover Defender Wolf, gari la jeshi la Uingereza, mwaka 1997, kilomita chache. Lina hema la juu, friji, betri za ziada, tangi la maji na madumu ya mafuta, yaani ni kuwasha na kwenda Turkana au Ruaha. Bei iko chini kwa sababu mwenye gari anahama nchi. Gari liko melini, au liko yadi likisubiri karatasi, na kuna mteja mwingine anakuja kesho. Tuma kianzio ushikiwe.

Wengine wanaotangaza hivi hawana gari kabisa. Wengine wanalo, lakini limevishwa vifaa vya kambi ili macho yako yakae juu ya keria na yasishuke kwenye chesisi. Wote wawili watakula hela yako.

Tuanze na wale wasio na gari, maana hao wanakamatika bila kutoka nyumbani. Wolf ya Defender ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1990, ikiwa na injini ya dizeli ya 300Tdi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na umri unaozidi miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hiyo mtu anayekwambia Wolf ya 1997 iko njiani kuja Mombasa, na kwamba wewe mnunuzi wa kawaida utaisajili kwa jina lako, anakudanganya. Hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo. Wolf halali utakayoipata Kenya ni ile ambayo tayari imesajiliwa nchini. Tanzania haizuii kwa umri, ila TRA, mamlaka ya mapato, hutoza ushuru wa ziada kwa gari chakavu, na tapeli hupenda kukupa hesabu ya bei bila kuutaja.

Angalieni na picha zenyewe. Jeshi la Ujerumani nalo lilikuwa na gari lililoitwa Wolf, ambalo ni Mercedes 250 GD, na lile lina usukani kushoto. Ukiona maelezo ni ya Defender lakini ndani ya picha usukani uko kushoto, au deshibodi ina maandishi ya Kijerumani, picha zimeokotwa mtandaoni.

Ombeni namba ya chesisi kabla ya jambo lingine lolote. Ya Defender ina herufi na tarakimu 17, na inaanza na SALLD. Herufi ya kumi ndiyo mwaka wa modeli: T ni 1996, V ni 1997, W ni 1998. Muuzaji anayesema gari ni la 1997 huku herufi ya kumi ikiwa nyingine, ana maswali ya kujibu. Namba hiyo iko kwenye kibao chini ya boneti, pale juu ya boksi la pedali ya breki, na imegongwa pia kwenye chesisi yenyewe upande wa kulia mbele. Zote mbili zisomeke na zilingane. Kibao kikiwa na riveti mpya zinazong'aa kwenye gari la miaka karibu 30, simama hapo hapo. Kenya, namba ya usajili itafutwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen. Tanzania, nenda ofisi ya TRA na nakala ya kadi, uthibitishe mmiliki na namba ya chesisi.

Gari lililotoka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza likiwa halijasajiliwa kiraia hutolewa na fomu ya MOD 654. Likishasajiliwa kiraia kule, hati yake ya usajili ni V5C. Ukiambiwa gari liko melini, dai namba ya hati ya usafirishaji na uiulize kampuni ya meli wewe mwenyewe, kwa simu uliyoitafuta mwenyewe. Usitumie namba aliyokupa muuzaji. Hati hiyo hubeba namba ya chesisi, na hapo ndipo uongo unapokwama.

Na ukiambiwa limetoka mnada wa jeshi la hapa, au limetolewa Nanyuki kwenye kambi ya jeshi la Uingereza, usikubali jina la mahali liwe ndilo ushahidi. Mali ya serikali Kenya huuzwa chini ya sheria ya ununuzi na uondoaji mali ya 2015, kwa tangazo la wazi. Aliyeshinda mnada ana risiti yenye jina lake na maelezo ya gari. Hakuna afisa anayeuza gari la jeshi kwa WhatsApp na kupokea malipo kwenye simu yake binafsi.

Sasa wale wenye gari. Hapa ndipo wajuzi wengi hupigwa, kwa sababu gari lipo, linawaka, na vifaa vinavutia.

Kilomita chache kwenye gari la jeshi hazisemi mengi. Yale ya mawasiliano, yanayoitwa FFR, yalikuwa yakiachwa yananguruma mahali pamoja kwa saa nyingi ili kuchaji betri za redio. Injini imefanya kazi, mita ya kilomita haikusogea. Kwa hiyo fungua kizibo kidogo chini ya kava la taimingi: ukikuta vumbi jeusi la mpira, mkanda wa taimingi unaliwa. 300Tdi za mwanzo zilijulikana kwa puli zisizokaa sawasawa na kula ukingo wa mkanda. Mkanda ukikatika, vali zinagonga pistoni. Hesabu mkanda, puli na tensheni mpya kwenye bei, hata muuzaji akiapa vimebadilishwa.

Halafu gia boksi. Pale gia boksi yenyewe, R380, inapokutana na transfa ya LT230, yaani boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma, meno ya shafti huliwa kwa kukosa oili ya kutosha. Nyuma ya transfa kuna bamba dogo lenye bolti, livuliwe. Gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa, hendibreki imeachiwa na gia iko namba moja, mtu mmoja alisukume mbele na nyuma kidogo kidogo wakati mwingine anachungulia. Gia ya transfa unayoiona pale ikizunguka kabla ya shafti, meno yamekwisha. Ukiona vumbi jekundu kama kutu kwenye meno, yanaelekea kuisha. Kazi ya kurekebisha ni kushusha transfa na gia boksi, na shafti mpya si spea ya mtaani. Muuzaji akikataa bamba lisivuliwe, jibu umeshalipata.

Chesisi inakaguliwa kwa nyundo ndogo na bisibisi, wala si kwa tochi peke yake. Barabara za Uingereza humwagwa chumvi wakati wa baridi, na chesisi ya Defender ni chuma cha boksi kinachooza kuanzia ndani. Gonga boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na sehemu chesisi inapopanda juu ya eksili ya nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi inazama. Kisha inua mazulia uangalie chini ya miguu ya dereva na abiria, na pembe za juu za ukuta wa injini karibu na kioo. Chini kote kukiwa kumepakwa lami nyeusi mbichi, kwangua sehemu tatu au nne kabla ya kuzungumza bei. Lami mbichi juu ya kutu hufungia unyevu, na ni kazi ya nusu siku tu gereji.

Hema la juu ni mtego wa pili. Wolf nyingi zilitoka jeshini zikiwa za turubai. Vyuma vinavyoshika turubai havikuundwa kubeba hema. Kuna wanaochomelea keria juu ya vyuma hivyo, wakapiga rangi ya kijani, na kwenye picha haionekani tofauti. Piga hesabu: hema la kawaida ni kama kilo 60, madumu mawili ya chuma ya lita 20 yenye dizeli ni kama 42, tairi la akiba na rimu yake ni karibu 40, na keria yenyewe bado. Mzigo huo ukiwa umesimama si tatizo kubwa. Ukitikiswa kwenye barabara ya mawimbi kwa siku nzima, weldingi zinapasuka na hema linaanguka na vyuma vyake. Gari la turubai linahitaji keji ya chuma iliyofungwa mpaka kwenye chesisi, au paa gumu la Defender. Kwenye paa gumu, miguu ya keria ikae kwenye mfereji wa pembeni, mitatu au minne kila upande. Bolti zilizotoboa bati la aluminiamu bila bamba la kusambaza uzito zitang'oka na kuvujisha maji.

Umeme ndio umeharibu magari mengi zaidi, na ndio rahisi kupima. FFR ni ya volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo. Fundi wa haraka hutaka volti 12 za friji na taa, basi anagonga waya kwenye betri moja tu. Alteneta inaona jumla ya volti 28 na kuridhika, lakini betri inayonyonywa hubaki na njaa na mwenzake anapikwa. Washa injini, ongeza mwendo kidogo, pima kila betri peke yake kwa mita. Zote ziwe karibu na 14. Moja ikiwa 13 na nyingine 15, hapo pamegongwa, na betri zote mbili zinaelekea jalalani. Njia sahihi ni kibadilishaji cha volti 24 kwenda 12, au friji yenyewe iungwe kwenye 24, kwani friji nyingi za kompresa za safari hukubali zote mbili.

Fuata waya wa friji kutoka betri mpaka mwisho. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Pasipo fyuzi, waya ukisuguliwa na ukingo wa bati utawasha gari zima. Unene nao una maana. Friji ikivuta ampea 5 kwenye volti 12, umbali wa mita 5, waya wa milimita 1.5 mraba unapoteza karibu volti 0.6 kwenda na kurudi, na friji itajizima usiku ukidhani betri mbovu. Wa milimita 6 unapoteza chini ya 0.15. Mkumbuke pia kwamba globu za volti 24 zipo kila duka la spea za malori, lakini stata ya 24 ya 300Tdi mtaihangaikia.

Yaliyobaki ni mafupi. Tairi za jeshi huwa na kashata nzuri kwa sababu zilikaa stoo, kwa hiyo soma tarakimu nne za tarehe: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi ya umri huo haifai njia ya jangwa la Chalbi hata kama inaonekana mpya. Mtungi wa gesi ukifungwa ndani ya boksi, boksi liwe na matundu chini kabisa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Tangi la maji likiwa ni pipa la kemikali lililopakwa rangi, litupe, usijaribu kuliosha.

Kama hela imeshatoka, fanya haraka leo. Kwa M-Pesa ya Kenya, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba urejeshwe. Tanzania, ripoti namba ya tapeli kwa 15040, na mpigie mtoa huduma wako azuie muamala. Uliyelipa benki, nenda tawini na risiti. Kisha polisi. Kabla ya kumtukana au kumfungia muuzaji, piga picha za mazungumzo yote, tangazo, namba za simu, jina lililotokea kwenye muamala na namba ya chesisi aliyokupa, kwa sababu akishtuka atafuta kila kitu, na gari hilo hilo litatangazwa tena kwa jina lingine.