Darasa la Kiarabu na Udi Jijini Mwanza

Kwa sisi ambao babu zetu walitoka Omani, wakapitia Unguja na Tabora hadi wakafungua duka kando ya Ziwa Viktoria, nasi tukakua tukizungumza Kiswahili na Kisukuma, darasa hili la jioni lililo karibu na Makoroboi lina thamani kubwa. Mwalimu haanzi na sarufi. Humtaka kila mwanafunzi alete hati ya zamani ya familia, na shangazi yangu alipoleta barua ya marehemu babu waliisoma mstari kwa mstari, mpaka majina ya ndugu wa Nizwa, huko Omani, yakajitokeza.

Udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, nao unafundishwa kwa makini. Nyuzi 11, yaani jozi 5 na uzi mmoja wa besi, hulinganishwa kwa sikio, kisha huja maqamu (mpangilio wa sauti za muziki wa Kiarabu) ya Rast, ambayo robo-sauti zake hazipatikani kwenye kinanda cha kawaida. Hapo nilielewa kwa nini taarabu ya Ikhwani Safaa, kikundi cha Unguja kilichoanzishwa 1905, ilimgusa bibi kiasi kile.

Ada ni nafuu, ila vyombo ni viwili tu. Ningependa pia lahaja ya Kiomani ipewe nafasi zaidi kuliko Kiarabu cha vitabuni, kwani ndiyo waliyoizungumza wazee wetu.