Wodi ya moyo waliyomlaza dada, nyota nne

Dada yangu kapandikizwa figo, yuko kwenye dawa za kushusha kinga, kwahiyo nawaandikia hasa wenye mgonjwa kama yeye. Alianza na uchovu na kizunguzungu, hospitali ya kwanza wakampima ECG (kipimo cha umeme wa moyo) mara moja ikatoka sawa, kipimo cha kingamwili za Lyme (ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe) hasi, wakasema akapumzike. Siku mbili mbele akaanguka bafuni, mapigo 36 kwa dakika.

Ndo tukaja hapa. Daktari wa zamu swali lake la kwanza, "Dada, kuna kupe amekuuma miezi hii miwili?" Na kweli alikuwepo, nyuma ya goti, tulimtoa tukasahau kabisa. Akaeleza kwamba bakteria wa Lyme wakiingia kwenye moyo wanavuruga njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, na inabadilika hata ndani ya dakika chache, ndo maana ECG moja haitoshi. Akatandaza karatasi ya ECG kitandani akatuonyesha kwa ncha ya kalamu pengo, yaani muda umeme unaotumia kutoka vyumba vya juu hadi vya chini, milisekunde 320 wakati kawaida haizidi 200, akasema ikishafika 300 mtu halali nyumbani. Kile kipimo hasi hakukitegemea, maana mwili ulioshushwa kinga unaweza usitengeneze kingamwili za kutosha. Akatafuta na babesia (kimelea cha kwenye damu) kwa darubini na PCR (kipimo cha vinasaba), kwasababu kupe huyohuyo anaweza kubeba vyote viwili, na kwa mwenye kinga ndogo babesia inaweza kufikisha moyo kushindwa kazi. Haikuwepo, namshukuru Mungu.

Antibayotiki ya mshipa, seftriaksoni, ilianza usiku uleule bila kungoja majibu, wakaongea na madaktari wake wa figo kwanza, wakaweka na waya wa muda wa kuendesha mapigo. Yaani nilichowapendea zaidi hawakukimbilia kumwekea betri ya moyo ya kudumu, walisema hili mara nyingi linaisha kwa antibayotiki, tusubiri. Siku ya tano pengo likashuka hadi 220, waya ukatolewa, akaja kumalizia antibayotiki ya vidonge, doksisaiklini, nyumbani.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu usiku mmoja monita ililia muda mrefu mpaka nikatoka mwenyewe kumtafuta nesi. Halafu barua ya ruhusa haikutaja kupe popote, nikarudi dirishani waiandike upya, maana daktari wake wa figo ataisoma hiyo karatasi, mimi sitakuwepo kumsimulia.